Maiti Hana Anwani

Hasira yangu ilianzia kwenye tangazo la makoti. Lilichukua zaidi ya nusu ya ukurasa: mwanamke mwembamba amesimama upande, kavaa koti la manyoya, na chini yake bei zilizoshushwa kwa ajili ya majira ya baridi. Juu kulia, pembezoni, palikuwa na habari isiyozidi kiganja changu. Ilisema inadaiwa kwamba Wanazi wanawaua Wayahudi wa Poland kwa malaki, kwamba wanaume, wanawake na watoto wanapakiwa kwenye mabehewa na hawaonekani tena. Gazeti lilikuwa la Marekani, la kila siku, la mwaka 1942. Ukurasa wake wa kwanza nilikuwa nimeshausoma. Ulikuwa na habari za vita, sawa, vita ni vita, lakini ulikuwa pia na habari ndefu ya upungufu wa kahawa madukani.

Nilikuwa kwenye meza yangu ya kazi, Doha, kiyoyozi kinanipuliza shingoni, nikasema kwa sauti, "Washenzi hawa." Mwenzangu wa meza ya pili, Mganda aliyeshughulikia vitabu vya kuazimwa, akaniuliza nani. Nikamwambia wahariri. Akauliza wahariri gani. Nikamwambia wameshakufa zamani. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye vitabu vyake.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili na kumi. Niliajiriwa kwenye maktaba ya tawi la chuo kimoja cha Kimarekani, kuwasaidia wanafunzi kutafuta wanachotaka kwenye hazina za mtandaoni, na chuo kilinichangia ada ya shahada ya pili niliyokuwa nikisoma kwa mbali. Katika hazina hizo kulikuwa na magazeti ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ya Marekani na ya Wayahudi walioishi Marekani, na sikuwahi kumwona mtu akiyafungua. Nikaona utafiti wangu upo humo. Ningelinganisha magazeti ya aina hizo mbili, nione mauaji ya Wayahudi yaliandikwaje wakati yanatendeka, sio baadaye watu walipokwisha kutulia na kupanga maneno.

Gazeti dogo la Kiyahudi la karibu na siku hizo lilikuwa na ukurasa wa kwanza wenye fremu nyeusi pande zote nne. Nilijua ni msiba kabla ya kusoma. Halikuwa na waandishi wengi wala picha nzuri, na kwenye matoleo ya mwanzo nalo lilionekana kusita, haliamini linachoambiwa. Lakini lilipoamini lilikiweka mbele. Yale makubwa yaliendelea na "inadaiwa" na "inasemekana". Mara nyingi yalikwepa hata kusema Wayahudi, yakaandika "raia" au "wakimbizi", utadhani watu wale waliuawa kwa bahati mbaya walipokuwa wakipita njia. Kisha vita vikaisha, kambi zikafunguliwa, picha za maiti zikawekwa ukurasa wa kwanza, na magazeti yaleyale yakashangaa jamani mambo kama haya yanawezekanaje. Nilipofika hapo ilibidi nitoke nje, kwenye lile joto, nikazunguke jengo.

Nyumbani nako sikupata pa kupumzika. Nilikaa Thumama, mtaa wa hapohapo Doha, kwa kaka yangu mkubwa na wifi yangu. Kaka alikuwa msimamizi wa mafundi kwenye uwanja wa ndege, mtu wa kupiga pasi shati mwenyewe na kuwahi dawamu, zamu yake ya kazi, kuliko mudiri, yaani mkubwa wake. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, nami nampenda, lakini tukikaa chumba kimoja tukazungumzia habari za dunia lazima mmoja anyanyuke. Televisheni yake haikuzimwa. Alikuwa anatazama Gaza asubuhi, anatazama Gaza jioni, na Ijumaa baada ya sala rafiki zake walikuja wakaitazama pamoja naye.

"Yaani chuo kizima hicho," alinambia mara ya kwanza alipojua ninachosoma, "ukakosa cha kusoma ila Mayahudi?"

"Waliouawa, kaka."

"Waliouawa, ndiyo, kila vita wanakufa watu. Wale wamezidisha. Magazeti ni yao, hesabu ni zao, nani atawabishia?"

Nilimwambia magazeti aliyodhani ni yao ndiyo yaliyowaficha ukurasa wa ndani pamoja na makoti. Nilimwambia hayo maneno yake, wamezidisha, wahariri wa New York walikuwa nayo kabla yeye hajazaliwa. Akasema basi hata wao waliona kwamba yamezidishwa. Nikasema nami ninaitazama hiyo Gaza, nami inanichoma, lakini hatampunguza maiti wa Poland ili wa Gaza aongezeke uzito. Wale waliochomwa kule hawakumtoa mtu yeyote nyumbani kwake. Wifi akaleta chai akaiweka katikati yetu kwa kishindo.

Tena katika miezi hiyohiyo tulikuwa na jingine, la kwetu, lililoifanya kila mada iwe moto. Tulizaliwa watatu. Kaka wa kati, anayenitangulia mimi, mwishoni mwa miaka ya tisini aliondoka Tanga asubuhi moja kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na hakufika kwa mtu yeyote tunayemjua. Wapo waliosema alizamia, alijificha kwenye meli ya mizigo pamoja na vijana wengine. Wapo waliosema alionekana Durban. Hakuna aliyesema amemwona kwa macho yake. Mama hakukubali asomewe hitima. Hakulia mbele ya watu, hakukaa matanga, na mtu akimtaja kaka kwa neno "marehemu" alinyanyuka akaenda jikoni.

Sasa kaka mkubwa alikuwa ameamua imetosha. Likizo ijayo, kabla ya Ramadhani, tungekwenda sote Tanga, asaliwe sala ya asiyekuwepo na hitima isomwe, yaishe. Hakukuwa na mirathi ya kugombania wala mjane wa kuolewa. "Mama anazeeka," alisema. "Sitaki afe bado anasikilizia mlango." Wajomba walikubali. Mama, baada ya kusukumwa sana, alisema atakubali kama watoto wake wote wawili waliobaki watamwambia kwa midomo yao. Kaka alikwishasema. Mimi nilikuwa naahirisha, nikipigiwa simu nasema mama nitafikiri, na kaka ananikodolea macho.

Msimamizi wangu wa utafiti, Mmarekani mpole niliyezungumza naye kwa kompyuta, naye alinichosha kwa namna yake. Alitaka niandike neno kwenye kisanduku cha kutafutia, mashine inikatie habari zote zenye neno hilo, nizihesabu. Habari zikikatwa hivyo zinakuja zenyewe tu, kubwa, zimejaza kioo, na ukiziona unasema kumbe waliandika sana. Nilimwambia nataka kurasa nzima. Nataka koti na kahawa.

"Lakini ilichapishwa," alisema. "Msomaji aliyetaka kujua aliweza kujua."

Nikajaribu kumweleza redio. Nilimwambia nilikokulia kulikuwa na saa ya matangazo ya vifo, na saa hiyo kazi yangu, binti wa mwisho, ilikuwa kukaa karibu na redio wakati mama anapika. Mtangazaji anasema fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kisha anaanza: habari ziwafikie fulani aliyeko Korogwe, fulani aliyeko Tabora, fulani popote alipo. Mitaa ilinyamaza. Hata wasiotarajia kusikia jina walinyamaza. Habari ya kifo haisemwi ili mwenye kutaka aitafute, nilimwambia, inapelekwa kwa mwenyewe na jina lake linatajwa. Gazeti la Kiyahudi lilifanya kama redio yetu, na yale makubwa yalifanya kama mtu anayenong'ona msiba sokoni ili baadaye aseme nilisema.

Akatabasamu, akasema hilo lingependeza kwenye utangulizi, lingeipa kazi rangi. Nilifunga kompyuta kabla sijamtukana.

Ndipo nikakutana na orodha. Zilikuwa kwenye gazeti la Kiyahudi la baada ya vita, safu kwa safu, herufi ndogo mno, kurasa zinafuatana. Nilijua ni nini mara nilipoziona. Jina la mtu, mji aliozaliwa, kisha majina ya ndugu zake walioko Marekani: kaka yuko Chicago, shangazi yuko Brooklyn, mjomba haijulikani yuko mji gani. Ilikuwa saa ile ya redio. Marehemu, alikotoka, na wanaopaswa kufikiwa na habari. Nilizisoma kimoyomoyo kwa sauti ya mtangazaji, nikalia pale kazini bila kujificha, na wiki hiyo nikaandika sura nzima. Niliiita matangazo ya vifo. Niliandika kwamba hatimaye wafu wa Ulaya walipata gazeti la kuwataja kwa majina. Ilikuwa sura nzuri, nilijua ni nzuri, na nilikuwa nikiisubiri siku ya kumtupia msimamizi usoni.

Na kwa kuwa nilikuwa nimewalilia wengi hivyo, nikachoka kumshikilia mmoja wetu. Alhamisi nilimwambia kaka sawa, kesho mama akipiga nitakubali. Alinishika bega, akaenda kuoga.

Ijumaa wifi alikwenda Umm Salal kwa dada yake, kaka akaenda msikitini. Mimi nikazitandaza kurasa za zile orodha kwenye zulia la sebule, nilikuwa nimezichapa kwenye karatasi kubwa za kazini, nikawa nazipanga. Kaka alirudi, akavua viatu, akasimama mlangoni na kanzu yake.

"Hata pa kukanyaga hakuna," alisema.

"Pita pembeni."

Hakupita pembeni. Alichuchumaa akaokota moja, nikajiandaa kwa vita. Nikamwambia hao ndio anaosema wamezidishwa, haya ni matangazo ya vifo vyao, majina kamili, asome. Akasoma. Alisoma muda mrefu, kidole kinashuka kwenye safu, na uso wake ulikuwa ule anaokuwa nao akikagua kazi ya fundi.

"Nani kakwambia hawa wamekufa?" akauliza.

"Kaka, usianze."

"Sianzi. Nakuuliza. Hapa mwisho wa kila mstari pana nini?"

"Mahali."

"Mahali gani? Kambi fulani, bloku namba fulani, Ujerumani. Huyu hivyohivyo. Huyu pia." Akanigeuzia karatasi. "Hii ni anwani. Maiti hana anwani, dada. Hawa watu wako hai kabisa, wamekaa mahali wanasubiri kujibiwa."

Nilimbishia. Nilimbishia kwa sauti kubwa, na huku nabisha naifungua kompyuta. Mashine ya kutafutia ilikuwa imenileta katikati ya orodha, na mimi niliyempigia kelele msimamizi kuhusu kurasa nzima sikuwahi kurudi nyuma hata ukurasa mmoja kuona kichwa cha habari. Sikuona haja. Umbo la maneno nililijua tangu utotoni. Nilirudi sasa, na kichwa kilikuwepo, kwa herufi nene: walionusurika, wanaowatafuta jamaa zao Marekani.

Niliwazika watu hai. Niliwaandikia sura nzima ya msiba, na wao wako kwenye kambi za wakimbizi za baada ya vita, wametoka kwenye yale mauti, wamemtafuta mtu wa kuandika jina lao ili kaka aliyeko Chicago ajue wapo. Sijawahi kujichukia kwa kazi yangu kama siku ile. Niliikumbuka sentensi yangu nzuri kuhusu wafu waliotajwa kwa majina nikatamani kuitapika.

"Wewe umejuaje?" nilimuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Akakaa kwenye zulia, jambo ambalo hakulifanya akiwa na kanzu ya Ijumaa. Akasema mwaka ule aliopotea kaka yetu, yeye alikwenda redioni Dar es Salaam bila kumwambia mtu. Mtu wa kaunta alimuuliza swali moja kabla ya salamu: kifo au kupotea? Akasema alibaki amesimama, hajui la kujibu, na nyuma yake foleni inaguna. Mwishowe akasema kupotea. Akaulizwa umri, urefu, alama, nguo alizovaa. Akasema kijana mrefu, ana kovu juu ya jicho, amevaa shati la bluu, atakayemwona atoe taarifa kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Likatangazwa. Akasubiri.

"Hakuna aliyekuja," akasema. "Hata wa uongo."

"Na mama?"

"Mama ningemwambia nini?"

Kisha akauliza kama hawa wa kwenye orodha walijibiwa. Nikasema gazeti halisemi. Nikamwonyesha jinsi ya kufungua toleo la wiki inayofuata, na linalofuata, na tukaanza kutafuta, yeye anasoma majina kwenye karatasi, mimi kwenye kioo. Wengine walitokea mara moja tu, wasionekane tena, na hapo unaweza kujidanganya kwamba walipatikana. Wengine walirudi. Mwanamke mmoja wa mji wa Poland alirudi wiki nyingi akimtafuta mjomba, tena baadaye akawa anatafuta mtu yeyote mwenye jina la ukoo wake, yeyote tu. Hapo kaka akavua kofia akaiweka magotini.

"Sikusema hawakuuawa," akasema bila kuulizwa. "Nilisema wamezidisha."

Nilichukua karatasi ya yule mwanamke nikamsukumia kifuani. "Haya, punguza. Ukoo wake umeusoma hapo, hana hata mmoja anayemwitikia. Chagua wa kutoa. Nitajie, nimfute."

Hakuipokea wala hakuirudisha. Karatasi iliteleza ikaangukia mapajani mwake, naye akaitazama hapo ilipo, na adhana ya alasiri ikatukuta hivyo.

Sura ile niliifuta yote. Niliyoiandika badala yake haikumpendeza msimamizi, alisema imejaa ghadhabu, nami nikamjibu ndiyo, imejaa. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile baada ya sala simu iliita, na ilikuwa mama.

Kaka aliweka sauti ya wazi, simu juu ya zulia, kati ya kurasa. Mama alimuuliza kama amekula. Akasema amekula, ingawa hakuwa amekula. Mama akauliza wifi yuko wapi, joto likoje. Kisha akaniita mimi.

"Kaka yako kaniambia una neno."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anaitazama simu.

"Mama, bado," nikasema. "Siko tayari kusema ndiyo."

Nilingoja kaka anikaripie. Badala yake aliinamia simu, mikono kwenye zulia. "Mama, kuna jambo sikukwambia. Mwaka ule nilimtangaza redioni. Nilisema amepotea."

Kulikuwa na kuku anayelia upande wa pili, na mtu anapita na pikipiki.

"Nilisikia," mama akasema. "Nilikuwa nakuna nazi. Nilisikia jina lake, nikasikia la baba yenu. Nikasikia shati la bluu."

"Ndiyo, mama."

"Alivaa la kijani. Nimelianua mimi kambani asubuhi ile, lina unyevu, nikamwambia ngoja likauke akasema litakaukia mwilini. Kijani. Wangapi walimwona mwanangu stendi, wakatazama shati lake, wakamwacha apite?"

Kaka akaisogeza simu karibu naye.

"Sasa unataka kumsomea hitima nani? Yule wako wa bluu? Msomee, mimi simjui. Wangu hajatangazwa bado."

Akakata simu. Miaka yote ile mama alikuwa na hasira na kaka kwa ajili ya lile shati, na kila Ijumaa alipopiga alianza kwa kumuuliza kama amekula.